Nyie Mnalala Hivi Kila Siku?

Nimejilaza tangu saa nane mchana na usingizi umegoma. Watoto wako kwa bibi yao, Baba Nasra yuko safarini, umeme upo na feni inazunguka, sina hata cha kusingizia. Kuna kijiswali nimeulizwa asubuhi kazini, pale dirishani tunapotolea dawa, na kila nikifumba macho kinarudi.

Mnamkumbuka Kofia, mgonjwa wetu yule anayekaa kwenye foleni huku anaimba kaswida. (Kofia si jina lake wala havai kofia, msinitafutie balaa.) Leo amekuja uso umenawiri, hata shati kafunga vifungo vyote.

"Sista, jana nimelala."

"Alhamdulillah."

"Mpaka adhana ya alfajiri. Hata wale hawakuja."

Nikampa kikombe, akanywa. Nikampa maji, akanywa. Nikamwambia haya, sema. Kila anayekunywa metadoni kwetu (dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, yaani unga) lazima atamke neno mbele ya nesi ndipo aondoke, maana dozi ikibaki mdomoni inaweza kutemwa kwenye chupa na kuuzwa huko nje. Wengi husema "asante sista", wengine "Yanga bingwa", basi tu wapite. Yeye akaniangalia:

"Hivi nyie mnalala hivi kila siku?"

"Ndiyo," nikasema. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika getini.

"Basi mna raha."

Akaondoka zake. Wiki hii mdogo wangu amejifungua mapacha, wakaguzi wamekuja na kuondoka, barua yangu ya uhamisho imetoka, na katika yote hayo kinachonizunguka kichwani ni "basi mna raha". Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyechungulia sebule ya jirani akaona kumbe wana kochi.

Huo usingizi tumeutafuta. Kofia alikuwa ametulia kwenye dozi yake muda mrefu, ghafla akaanza kulalamika kwamba ikifika jioni anapigwa arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa. Wasiojua: unga unaisha mwilini haraka, ndiyo maana mtu anahangaikia kete asubuhi, mchana na usiku. Metadoni inamshika saa 24 na zaidi, kwa hiyo kikombe kimoja kwa siku kinatosha. Sasa mtu wa zamani akisema dozi ileile haimfikishi jioni, wa kwanza kumkataa ni sisi wenyewe. Mwenzangu mmoja dirishani alishahukumu: "Anataka kuongezewa tu huyo. Hawa ndio zao."

Uongo nimeusikia wa kila rangi pale dirishani, sikatai. Lakini mboni za macho hazijui kudanganya. Aliyetoka kuvuta unga mboni zinasinyaa hadi unazitafuta. Za Kofia zilikuwa zimetanuka, machozi yanamtoka, kamasi, miayo isiyoisha, na vinyweleo vya mikono vimesimama wima katika joto hili la Dar. Nikamtoa pembeni kwenye benchi. Wakati namwandikia aende kwa daktari, akanisogelea kwa aibu: "Halafu sista, mkojo wangu siku hizi rangi ya fanta. Au ndiyo figo?"

Nikamuuliza kama ameanza dawa za TB. Akasema ndiyo, kule kwenye jengo lingine, kwani kuna tatizo? Kwenye faili letu hakuna aliyeandika kitu. Kati ya dawa za TB kuna rifampisini, ndiyo inayogeuza mkojo rangi, na ndiyo hiyohiyo inayolifanya ini livunje metadoni kabla haijamaliza siku. Wala hakuwa anadanganya. Daktari akawa anampandisha dozi ya metadoni kidogo kidogo, tukimwangalia, mpaka ikafika hiyo jana ya kulala.

Na kwa Kofia kulala ndiyo kila kitu, kwa sababu ya "wale". Wale ni wanaume anaowasikia wakikaa upande wa miguuni na kumjadili kama vile hayupo. Anachoma sindano yake ya mwezi kliniki ya afya ya akili, na sindano inasaidia, lakini akikosa usingizi siku mbili tatu, wanarudi na kikao chao. Nyumbani wanasema unga ndio uliomletea hayo. Mwenyewe anasema wale walikuja kwanza, unga ukawa ndio unawanyamazisha. Mimi siku hizi nimeacha kutafuta nani alimtangulia nani. Ninachojua ni kwamba ukimtibu huku bila kule unapoteza muda wako na wake, na sisi tunamtibu kwa mafaili matatu katika majengo matatu, mbeba habari akiwa ni yeye mwenyewe mgonjwa.

Mama yake naye ana lake. Mwezi uliopita aliniambia mbele ya watu: "Mwanangu, nyie mmemtoa unga wa mtaani mkampa unga wa serikali." Muhimbili walianza kutoa metadoni mwaka 2011 na maneno haya hayajaisha mitaani. Nilimuuliza tu kama kuna kitu kimeibwa nyumbani mwaka huu. Akasema hapana, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza kama nina watoto.

Nilitaka kuishia hapo nikiwa na furaha yangu. Ila nilipokuwa nageuka geuka kitandani ndipo hesabu ikanijia. Dawa za TB ni miezi 6, na yeye yuko wa pili. Akimaliza, rifampisini inatoka, na ndani ya wiki chache ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Metadoni itaanza kujaa mwilini. Dozi hii hii inayomlaza leo, wakati huo itamlaza asiamke. Lazima apunguzwe taratibu, na mtu awe anamtazama anavyosinzia, anavyopumua. Na mimi wakati huo niko kituo kipya, mkoa mwingine, napima presha za wajawazito.

Nimeandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la faili, pamoja na mwezi atakaomaliza. Nimekwenda jengo la TB nikaomba waandike na kwao. Nimemweleza yeye mwenyewe, akanirudishia maneno yote bila kukosea, maana Kofia akili anayo kuliko wengi wetu. Nimemwambia na mwenzangu, yule yule wa "hawa ndio zao". Akanijibu, "Sawa mama, tumesikia," huku anachati. Hiyo "tumesikia" yake siipendi hata kidogo. Kesho nitamwendea daktari aiandike mwenyewe kwenye mpango wa matibabu, na nitasimama pale mezani mpaka aiandike.

Kuhusu kulala kila siku: nilikaa wodi ya akili zamu za usiku miaka mingi, tangu hapo usingizi wangu ni wa vipande vipande. Ningemwambia hivyo sijui angecheka au angenionea huruma. Labda nimwambie kesho, kama foleni itakuwa fupi, ambayo haijawahi kuwa fupi.

Halafu fundi hapokei simu. Sendofu ya Shamimu ni Jumamosi, kitambaa nilimpelekea tangu mwezi uliopita pamoja na hela yote, na kamati imeshatangaza asiye na sare akae viti vya nyuma. Nimemtuma bodaboda akamgongee. Karudi sasa hivi anasema banda limefungwa, amechungulia dirishani, na cherehani haimo.