Siku mbili kwa wiki

Umetimia mwezi wa tatu tangu mama mmoja wa Makorora aanze kuja kwangu Raskazone, hapa Tanga, kila Jumatatu na Alhamisi kunifanyia usafi, na nimeona niandike tulivyofika hapa, kwa sababu mara ya kwanza nilipomwajiri mtu kwa kazi hiyohiyo mambo yaliharibika, na kosa lilikuwa langu.

Yule wa kwanza alikuwa binti mpole aliyeletwa na jirani. Nilimkaribisha, nikamwambia, "Fanya usafi tu, mdogo wangu, nyumba ndiyo hii." Niliamini kwamba neno usafi linajieleza. Kwake lilikuwa kufagia, kupiga deki na kuosha vyombo. Kwangu lilikuwa hayo pamoja na luva za madirisha, feni, ndani ya jokofu na kila pembe ya choo. Alipoondoka nilikuwa nikizunguka vyumbani nikihesabu kilichobaki, nisimwambie neno, nikabaki na kinyongo. Wakati huohuo niliendelea kumwongezea kazi: leo anifulie mashuka, kesho anipitie Mgandini kuninunulia mboga. Baada ya wiki kadhaa hakurudi tena, wala hakuaga. Nilimlaumu kwa siku chache, mpaka nilipokubali kwamba nilimtaka afanye kazi za watu watatu, na hata moja kati ya hizo sikuwahi kumweleza sawasawa.

Mama huyu wa sasa ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, nami humwamkia shikamoo kila anapofika na baiskeli yake. Siku ya mazungumzo, baada ya kujuliana hali na kunywa chai, hakutaka kutaja malipo. "Mwanangu, nizungushe kwanza," alisema, "nyumba sijaiona siwezi kuisemea." Tulipita chumba kwa chumba. Kwenye dirisha la sebuleni alipitisha kidole juu ya kioo cha luva, akanionyesha utando mweupe. Ni chumvi. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa bahari huileta mpaka ndani, nayo hunasa unyevu na vumbi hadi vikagandamana, hivyo anayefuta kwa tambara kavu huisambaza tu na kukikwaruza kioo. Lazima kwanza pawe na maji baridi ya kutosha kuiyeyusha. Nimeishi karibu na bahari kwa miaka mingi bila kulijua hilo.

Kisha akanieleza jambo ambalo natamani kila anayetafuta msaidizi alielewe mapema, kwamba kuisafisha nyumba iliyoachwa kwa miezi na kuitunza nyumba ambayo tayari ni safi ni kazi mbili tofauti. Aliomba siku mbili nzima za mwanzo kwa ajili ya uchafu wa zamani, zenye malipo yake, ndipo ratiba ya kawaida ianze. Ratiba yenyewe ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Jikoni, bafu, choo na sakafu ni vya kila siku anayokuja. Madirisha huenda kwa zamu, chumba kimoja kila mara, na feni, makabati na jokofu hupishana. Muda ukiisha, kilichobaki kinangoja zamu nyingine, wala si deni lake. Kufua alikataa waziwazi, nami nilimshukuru kwa kusema mapema.

Sehemu inayoniuma bado ni ya choo. Aliikuta chupa ya jiki imesimama kando ya dawa ya choo yenye asidi, akaniuliza kama huwa zinachanganywa. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho na mapafu, na choo changu kina dirisha dogo mno. Nilikumbuka kwamba yule binti aliwahi kutoka humo akikohoa na machozi yakimtoka, nami nikamwambia afungue mlango tu. Mimi ndiye niliyezinunua dawa zile na kumkabidhi, bila glavu na bila onyo. Sasa jiki inakaa jikoni, glavu zipo, na tambara la chooni lina rangi yake, haliingii kwingine. Siki nayo tumeiondoa sakafuni, maana terazo ina vipande vya marumaru, na asidi huila taratibu hadi mng'ao ukapotea.

Makubaliano yetu tuliyaandika kwenye daftari, nakala mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na siku mbili kwa wiki hazipunguzi stahili hiyo. Tuliandika pia yale yanayoleta ugomvi kimyakimya: nikisafiri kwenda msibani Muheza bila kumwarifu tangu jioni, nalipa siku hiyo yote, akiumwa, ananipigia simu, glasi ikimponyoka mkononi, haikatwi kwenye ujira wake. Mwezi wa Ramadhani ataanza saa 1 ili amalize mapema. Nilisita kumwekea mtu wa umri wake masharti kwenye karatasi, nikiogopa ataona namkosea adabu, lakini yeye ndiye aliyeniongoza nini kiandikwe, na kipengele cha glasi alikisoma mara mbili.

Masika inakaribia. Alhamisi iliyopita alinusa nyuma ya kabati la nguo, akasema kuvu itaota ukutani kama mwaka jana tusipolisogeza na kupaosha kabla ukuta haujalowa. Kabati ni zito, hivyo mpwa wangu atakuja Jumatano jioni kulivuta. Nimeshaandika muda wa saa moja zaidi kwenye daftari, pamoja na malipo yake.