Damukaka na kamba ya mama yake

Nilipokuwa nasoma Vadodara, jimbo la Gujarat, kila asubuhi vijana wa mtaa walipita chini ya dirisha langu wakimwamkia mwenye nyumba wangu: "Damukaka!" Mimi mtu wa Tanga nikasikia kaka wa damu. Kumbe kwa Kigujarati *kaka* ni baba mdogo, na Damu ni kifupi cha Damodar.

Hilo la kaka nililielewa siku ileile. Damodar likanitoa jasho. Kwa Kihindi changu cha sokoni *daam* ni bei, nikajiambia basi, jina la mzee ni la pesa. Na tarehe ya kodi lilimkaa kweli.

Jibu lilikuwa sebuleni kwake, kwenye kalenda. Katoto kanene ka rangi ya bluu, kamba tumboni, ncha ya pili kwenye kinu. Mkewe, aliyekuwa akisukuma chapati, akanisimulia. Huyo ni Krishna, mungu wa Wahindu, utotoni, mtundu asiyeshikika. Mama yake, Yashoda, akataka kumfunga kwenye kinu. Kamba ikapelea vidole viwili. Akaunga nyingine, ikapelea vilevile. "Hivi," akaniinulia vidole vyake viwili vyenye unga. Mtoto alipoona mama katota jasho, akamhurumia, akakubali kufungwa. Kisha akaburuta kinu hadi kikaangusha miti miwili.

Kwa Kisanskriti *dama* ni kamba, *udara* ni tumbo. Mbona basi si Damaudara? Nikakumbuka ya kwetu: *ma* na *ino* huzaa meno. Kwao *a* na *u* huzaa *o*, na *a* ya mwisho Wagujarati huimeza. Damodar: mwenye kamba tumboni. Ni mojawapo ya majina elfu ya Vishnu, mungu aliyezaliwa duniani kama Krishna, yaliyomo katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India, na mimi nilitazamia shujaa au simba, si mtoto anayeadhibiwa na mama yake! Ukiongeza *das*, mtumishi, unapata Damodardas, jina la baba yake Narendra Modi, waziri mkuu wa India. Wagujarati nao huweka jina la baba katikati: Narendra Damodardas Modi.

Mzee mwenyewe alizaliwa mwezi wa Kartik wa kalenda ya Kihindu, ambao waumini wa Krishna huuita pia mwezi wa Damodar, ndipo akapewa jina.

Nilipomwambia damu kwetu ni nini, alicheka mpaka chai ikamwagika. Akauliza kamba tunaitaje, na tumbo je. Kesho yake nagonga mlango, sauti ikatoka ndani: "Kambatumbo yupo, ingia!"