Siku moja na Austin Seven la 1928 kwenye mlima wa Wales

Saa 11 alfajiri. Birmingham bado giza, nafunga gari kwenye trela. Injini imetoka kufumuliwa yote, na mteja anataka kwenda nalo likizo milimani, kwa hiyo halikabidhiwi mpaka lipande Bwlch y Groes, njia kali ya mlimani huko Wales. Nafuatana na kijana anayejifunza kazi, Mwingereza, ambaye siku hizi anajitambulisha kwa watu kama utingo wangu.

Saa 2 asubuhi. Dinas Mawddwy, kijiji cha chini ya mlima. Tunalishusha na kulipiga hendeli. Kati ya vita kuu mbili viwanda vya Uingereza, Austin wakiwemo, vilikuwa vikileta magari huku kuyatesa. Njia inapanda hadi mita 545, na sehemu nyingine ni kali kiasi kwamba kila ukisogea mita 4 umeshapanda 1. Kondoo hawakupishi.

Saa 3. Tunapanda, watu wawili na mfuko wa mchanga nyuma. Nguvu za farasi ni kama 10 hivi. Gia ni tatu tu na hazina sinkro, ile inayolainisha gia kuingia: unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unatia mafuta kidogo, unakanyaga tena ndipo inaingia. Ukikosea, mlima mzima utajua.

Ninachokiwaza mimi ni maji. Injini hii haina pampu. Maji yakipata moto yanapanda yenyewe kwenye rejeta, yakipoa yanashuka, basi. Kwa mwendo huu wa kujikokota, tena upepo ukitoka nyuma, rejeta haipati hewa. Mvuke unaanza kuchungulia kwenye kifuniko, lakini halichemshi.

Katikati ya mwinuko nasimama makusudi. Utingo anaruka na kabari. Kuondoka hapo ndiko kunakoumbua magari: mwaka 1912, kwenye mashindano ya milima ya Alps, James Radley alishindwa kuupanda Katschberg, Austria, na Rolls-Royce yake ya gia tatu mpaka abiria walipopunguzwa. Mwaka uliofuata kampuni ilirudi na gia nne. Letu linatetemeka, linanguruma, linaondoka.

Saa 4. Kileleni. Chai ya chupa, upepo wa kung'oa kofia.

Saa 5. Sasa kazi yenyewe. Watu hupiga picha gari likipanda. Fundi anasubiri lishuke. Kazi nilijifunzia Iringa, na malori ya Kitonga hayakuniachia shaka kwamba mlima unashukwa kwa gia ndogo, siyo kwa breki. Hapa kuna balaa la ziada: pedali inashika magurudumu ya nyuma tu. Breki za mbele ziko kwenye hendibreki; Austin hawakuziunganisha na pedali mpaka 1930. Kwa hiyo mkono wa kushoto una gia na hendibreki, wa kulia umebaki na usukani peke yake, na kona inakuja.

Chini nazima injini, napeleka kiganja karibu na kila ngoma ya breki bila kuigusa. Mbele kulia joto linanisukuma mkono. Mbele kushoto ni vuguvugu tu. Maana yake waya wa breki ya kushoto umelegea na gurudumu moja linafanya kazi ya mawili. Ndiyo maana usukani ulikuwa ukinivuta kulia. Karakana usingeliona hilo kamwe, hata ungelizungusha gari uani wiki nzima.

Saa 8 mchana. Tumekaza waya, tumepanda na kushuka tena. Ngoma za mbele sasa zinalingana. Za nyuma zinanuka lainingi iliyoungua, yaani ile ngozi ya breki inayosugua ngoma, na harufu hiyo haiondoki kwa spana.

Saa 1 usiku. Birmingham. Namwandikia mteja: injini safi, maji safi, lainingi za nyuma mpya kabla ya safari yoyote. Anajibu akiuliza kama hawezi kwenda hivyo hivyo, maana hoteli ameshalipia. Namwambia funguo ninazo mimi.