Siku Mwenzangu Alipogeuza Kiti

Kijana alikuwa na miaka 16, na tangu aingie na wazazi wake katika chumba chetu cha ushauri hakuwa ametoa neno. Alikuwa akichezea uzi uliochomoka kwenye mkono wa sweta lake, anauzungushia kidoleni, anauachia, anauzungusha tena. Kila nilipomuuliza kitu, baba yake alimjibia. Mama ameinamisha kichwa.

Nilikuwa mgeni katika kazi ya kukaa washauri wawili na familia moja. Nilizoea kuwa peke yangu, na nikiwa peke yangu jibu hulitafuta mbiombio. Nikaanza kumweleza baba namna ya kumpa mwanawe nafasi ya kusema. Nilipopumua tu, mwenzangu, dada aliyenitangulia miaka mingi, akaingia kwa upole: "Baba, mama, na wewe mwanangu, naomba nizungumze kidogo na mwenzangu hapahapa. Hamna haja ya kutujibu." Akageuza kiti kunielekea.

Jambo lenyewe, washauri kuzungumza wao kwa wao mbele ya familia, nilikuwa nimelisoma. Tom Andersen, daktari wa magonjwa ya akili, na wenzake walilianza kaskazini mwa Norwe mwaka 1985, walipoacha kuijadili familia wakiwa wamejificha nyuma ya kioo cha kuonea upande mmoja, wakaiachia iwasikie. Washauri hutazamana wao kwa wao, ili asiyetaka kusikiliza awe huru. Na hawainyooshei familia kidole. Lakini siku ile ndiyo kwanza nakaa kwenye kiti chenyewe.

"Namsikia baba anawahi kujibu," akaniambia. "Najiuliza, huenda kimya hiki kinamtisha?"

Ningeweza kuitikia tu. Nikasema: "Dada, mimi niliona kama anamziba mdomo mwanawe. Nikapandwa na hasira, ndiyo maana nikakimbilia kushauri."

Moyo ulinidunda. Mtu amekuja kuomba msaada, nami namtangazia hasira yangu mbele ya mkewe na mwanawe! Mwenzangu hakunikemea wala hakunifunika. "Ahsante kwa kuisema," akajibu, akatulia. "Basi mimi nimesikia woga, wewe umesikia kuzibwa mdomo. Sijui kama wenyewe wanasikia hivyo."

Tukawageukia. Akauliza tu kama kuna lililowagusa.

Aliyejibu ni kijana. Uzi aliuachia. "Baba haogopi kimya," alisema. "Anaogopa nitamtaja kaka."

Hatukuwa tumeambiwa kwamba kuna kaka. Mama akaanza kulia. Baba alisogeza kiti chake hadi kikagusana na cha mwanawe, asiseme kitu, na safari hii hata mimi nilinyamaza.