Nilivyopima Skrini ya Kuchorea kwa Boksi la Feni

Miaka sita nilichora kwa tableti ndogo isiyo na kioo, mkono mezani, macho kwenye laptopu. Nachora picha za vitabu vya watoto na mkono ulishazoea. Ila mstari mrefu ulinishinda. Tawi la mbuyu linalovuka ukurasa mzima, kwenye tableti ya upana wa kiganja, ni kubahatisha tu: chora, futa, rudia. Nilipopata kitabu cha kurasa 32, nikaamua malipo ya awali yaende kwenye skrini ya kuchorea, ile unayogusisha kalamu juu ya picha yenyewe, tena kubwa.

Karibu kila muuzaji alinitajia ngazi 8,192 za mkandamizo wa kalamu, yaani jinsi inavyotofautisha mkono mwepesi na mzito. Wacom Cintiq 22 inazo, Huion Kamvas 22 Plus inazo, na hata tableti yangu chakavu inazo. Namba hiyo nikaikata daftarini. Nikahamia kwenye pikseli: inchi 21.5 zenye 1920 kwa 1080 zinakupa pikseli kama 102 kwa inchi, inchi 23.8 zenye 2560 kwa 1440, kama 123. Moyo ukaenda kwa kubwa.

Kabla ya kutuma hela nikakata boksi la feni, sentimita 64 kwa 36, kadiri ya ukubwa wa ile niliyoitamani pamoja na fremu yake. Nikaliegemeza kwenye kamusi mbili nene, nikalichorea kwa penseli saa mbili kila jioni, siku nne. Mwanangu wa darasa la kwanza alinitazama weee, kisha akauliza, "Baba, hiyo inawaka saa ngapi?"

Haikuwaka, lakini ilinifundisha. Kibodi ilikosa mahali. Kufika pembe ya juu kushoto, ambako programu yangu imeweka menyu, nilikuwa nanyanyuka kitini. Meza yangu ina kina cha sentimita 50 tu, kwa hiyo ukingo wa chini ulinigusa tumbo. Siku ya tatu bega likaanza kuuma. Nikakata boksi jingine, la inchi 22, na bega likanyamaza.

Pikseli je? Nikiinama naziona, ndiyo. Lakini faili la kitabu nalitengeneza kwa nukta 300 kwa inchi, na mashine ya kuchapa haijali nimelichorea kwenye kioo gani.

Kitu ambacho boksi halikuweza kunionyesha nilikikuta kwa rafiki yangu anayekaa Sinza, Dar es Salaam. Skrini yake ni ya zamani, kioo kiko mbali kidogo na paneli, ile sehemu ya ndani inayotoa picha. Kalamu inagusa hapa, mstari unatokea pembeni, kama fimbo uliyoizamisha kwenye ndoo ya maji. Yeye kazoea, mimi sikuweza kuchora hata jicho la paka. Nikaapa kununua ambayo kioo kimegandishwa na paneli, pengo lisionekane.

Nilichukua ya inchi 22. Hela iliyobaki ilikwenda kwa seremala wa Keko, meza ya kina cha sentimita 75, na nyingine kwenye UPS ndogo, boksi la betri la akiba. Umeme ukikatika laptopu ina betri yake, lakini skrini ya aina hii haina. Inazima mkono ukiwa hewani.

Muuzaji alinihakikishia waya mmoja wa USB-C unatosha. Tundu la laptopu yangu halitoi picha, basi nikarudi kwenye HDMI na waya mwingine wa USB. Halafu kalamu ikawa inachora kwenye laptopu badala ya skrini niliyoiinamia! Nusu siku ilipotea hadi nilipofuta draiva (programu ya kuiendesha) ya tableti ya zamani, nikawasha upya, nikaielekeza kalamu kwenye skrini yake.

Tawi la mbuyu sasa nalivuta mara moja, kwa bega zima. Kioo chake kina ukwaruzo kama wa karatasi, raha kuchorea, ila kinakula ncha za kalamu kama msasa. Zilikuja kumi, zimebaki tisa, na kitabu kiko ukurasa wa 19.