Nilivyopata kudairekti muvi yangu ya kwanza hapa Kisumu

Nilianza kuekti nikiwa darasa la tatu. Mwalimu alinichagua kwa mchezo wa tamasha la drama, tukapanda mpaka kitaifa, na nikirudi Kondele watu wananiita kwa jina la yule mtoto wa kwa mchezo. Nilipobaleghe sauti ikavunjika na simu zikaisha, kila odisheni naambiwa aah wewe tulikujua ukiwa mdogo, alafu basi. Iliniuma miaka mingi sana.

Siku moja nikasoma habari za Ron Howard, dairekta wa Hollywood. Huyu aliingia kwa shoo ya TV ya Marekani, The Andy Griffith Show, 1960 akiwa na miaka 6, akakaa kwa hiyo shoo miaka 8, na alipokuwa kijana akataka kudairekti. Produsa Roger Corman alikuwa anamtaka aekti kwa muvi yake ya kufukuzana na magari, Howard akakubali lakini kwa sharti naye apewe yake ya kudairekti. Ikatoka 1977, Grand Theft Auto, akiwa na miaka 23 tu. Oscar ya dairekta aliipata 2002, lakini mimi nilibaki nimeganda kwa yale makubaliano. Alilipa na kile alichokuwa nacho.

Sasa mimi nilikuwa na nini? Kuekti. Nikaenda kwa kundi moja linalozungusha michezo ya setibuku, vile vitabu vya fasihi vya mtihani, kwa shule za sekondari, Kisumu, Siaya mpaka Kakamega, nikamwambia madam mwenye kundi nitaekti muhula mzima kwa nauli na chakula, shule zikifungwa unipe kamera na watu wawili siku 3. Akanitazama weee. "Kijana wangu, andika hiyo kwa karatasi tuweke sahihi."

Tulishuti Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu. Siku ya kwanza karibu yote iliharibika, mchana upepo wa ziwa ulianza na maiki yetu haikuwa na kitu cha kuukinga, sauti ni vuuu mwanzo mwisho. Kesho yake tukafika alfajiri, maboti ya omena yakirudi na taa zao, saa nne tukawa tumefunga vitu.

Pale nilipohangaika kabisa ni kwa mtoto wa miaka 9 ambaye kwa stori amefiwa na babake. Namwonyesha inama hivi, angalia chini hivi, ananiiga, inatoka uongo mtupu. Nikakumbuka mimi mwenyewe nikifinywa nyuma ya steji ndo nitoke nikilia. Nikaachana na hiyo. Nikampa wavu uliojisokota nikamwambia, "Huu ni wa baba, jaribu kuufungua," alafu nikamnong'onezea wa kamera aanze. Alikaa nao dakika 4 hivi, hasemi kitu, fundo likikataa analivuta kwa meno, mpaka wavuvi waliokuwa wanatupigia kelele wakanyamaza wote.

Niliposema kata akainua macho. "Anko, sasa tunaanza?"