Mzee Gray na picha zisizo na majina

Gray Baskerville alivaa kaptula na kandambili mahali ambapo waandishi wenzake walivaa suruali na viatu vya kufunga. Kwenye maonyesho, kwenye mashindano, ndiyo hivyo hivyo. Aliliandikia na kulipigia picha jarida la magari la Marekani, Hot Rod, kwa miaka mingi, mwenyewe akijiita Ol' Dad, yaani Baba Mzee. Mimi nimelelewa Tanga, siwezi kumtaja mtu wa umri ule kwa jina tupu, kwa hiyo kwangu ni Mzee Gray. Alifariki mwaka 2002. Sikuwahi kumwona, nilihamia huku California baadaye, nikamjulia kwenye majarida ya zamani yanayouzwa katika soko la vipuri la Pomona, mengine yana alama za vidole vyenye oili.

Kwa ndugu wa nyumbani mnaouliza hotrodi ni nini: ni gari la zamani, aghalabu Ford ya 1932, lililovuliwa madigadi na kila kisichohitajika, kisha likatiwa injini iliyochokonolewa hadi ikawa kali. Mwaka ule Ford ilileta injini ya V8, yaani ya silinda nane, yenye nguvu za farasi 65 kwa bei ya mtu wa kawaida. Ford hizo zilipochakaa zikawa za bei ya kutupa, na vijana wa kusini mwa California wakazipeleka kushindana mbio kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage. Robert Petersen na Robert Lindsay walipotoa toleo la kwanza la Hot Rod, Januari 1948, kwa senti 25, watu wengi waliwaona vijana hao kuwa wahuni tu.

Mzee Gray alikuwa na Ford yake ya 1932 isiyo na paa, na aliiendesha barabarani, si ya kubebwa kwenye trela. Lakini ninachompendea zaidi ni majina. Ukisoma makala za gari moja moja katika jarida lile unakuta nani alipaka rangi, nani alishona viti, injini ilitolewa kwenye gari gani. Mafundi wa gereji za uchochoroni, ambao hakuna mwandishi wa vitabu angewatafuta, wamo.

Na majina hayo sasa ni pesa, maana gari lenye historia inayothibitika hupanda bei. Mwaka 1997 maonyesho ya magari ya Pebble Beach, ya matajiri na Bugatti zao, yalifungua daraja la hotrodi kwa mara ya kwanza, na iliyoshinda ni Ford ya 1932 iliyoundwa na fundi Doane Spencer. Siku hizi kila bodi kuukuu ina mwenye kuapa kwamba iliwahi kukimbia El Mirage. Picha yenye tarehe na jina la dereva humaliza ubishi huo. Picha tupu haisaidii kitu, hata iwe nzuri namna gani.

Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Desemba 2019 kampuni iliyokuwa ikimiliki majarida haya ilitangaza kuacha kuchapa majarida 19 kwa mpigo, Car Craft na Street Rodder yakiwemo. Hot Rod lilibaki. Nyuma ya kila jarida kuna negativu, yaani filamu zenyewe za kamera, nyingi kuliko picha zilizochapwa, na nyingine zimekaa nyumbani kwa wapiga picha, kwenye gereji ambazo Agosti huwa tanuri. Filamu za asetati, aina ya plastiki, hazivumilii joto. Zinaanza kunuka siki, zinajikunja, na mvuke wake unaharibu zilizo jirani. Ukisikia harufu hiyo, zitenge, ziweke penye baridi na ukavu, kisha uskani haraka. Na kabla ya kuskani, mtafute aliyekuwepo umwulize majina, kwa sababu mashine ya skana utaipata hata mwakani, ila yeye huenda usimpate.

Magari yenyewe siyaonei huruma sana. Yana makumbusho, ya Petersen pale Los Angeles na ya Wally Parks hapa Pomona, na yana wenye pesa.

Mimi natengeneza faharasa ya makala za Mzee Gray: toleo, ukurasa, gari, mafundi waliotajwa. Miaka ya themanini nimeshaimaliza. Miaka ya sabini ina mapengo, maana wauzaji wengi huchana kurasa za rangi na kuziuza kama mabango. Mwenye nakala nzima aniandikie. Sihitaji anipe, anipigie tu picha ukurasa wa yaliyomo.